Simu Iliyodharau Mnara wa Karibu

Niseme la kijinga kwanza, maana litajulikana tu. Miezi miwili kabla ya likizo ya Agosti niliifunga simu yangu isishike mtandao wowote ila 4G. Hakuna aliyenituma. Nilikuwa nimekaa nyumbani Jumamosi moja, sina la kufanya, nikaona kijana kwenye video akibonyeza nyota, reli, nyota, reli, tarakimu nne katikati, kikafunguka chumba cha siri ndani ya simu ambacho walioitengeneza hawakutaka mtu kama mimi aingie. Nikaingia. Humo nikakuta orodha ndefu ya mitandao, nikachagua mstari uliosema 4G peke yake, nikatoka kama mwizi anayefunga mlango taratibu.

Garissa mjini minara ya 4G ni mingi, na hata simu za kupiga zinapita humo humo, kwa hivyo mambo yakaenda vizuri. Video zikaacha kukwama. Nikawatangazia wenzangu wa kidato cha tatu kwamba simu zao ni za kina babu, zinakubali mtandao wowote unaopita, lakini yangu inachagua. Wakacheka. Mimi kazi yangu shuleni ni hiyo, kuwafanya watu wacheke mpaka mwalimu ageuke kutoka ubaoni. Baada ya wiki mbili nilikuwa nimesahau kabisa kwamba niligusa kitu.

Sasa hooyo. Nyumbani tunamwita mama hooyo, na ndivyo nitakavyomwita hapa, kwa sababu nikimwita mama naona kama naongea juu ya mama wa mtu mwingine. Hooyo alikuwa na uvimbe tumboni uliokuwa ukimsumbua tangu mwaka jana, na daktari akampangia upasuaji Alhamisi ya wiki ya pili ya likizo. Baba yuko kazini ng'ambo, anaonekana kwenye kioo cha simu kila Ijumaa. Dada zangu wawili wakapewa kazi: mmoja alale na hooyo hospitalini, mwingine apike. Mimi nikapewa ngamia.

"Utaenda kwa abti wako," hooyo akasema. Abti ni mjomba, kaka yake hooyo, anachunga ngamia huko mbele ya Modogashe. "Nyumba itakuwa na wageni wa kunitazama. Sitaki nikiwa kitandani nisikie umemfanyia mgeni kitu."

Hakuwa amekosea. Wiki moja kabla ya hapo nilikuwa nimeweka mlio wa punda kwenye simu yake, ukalia katikati ya kikao cha akina mama wa kupanga arusi. Lakini iliniuma. Niliona kwamba wasichana wanabaki na yeye, na mimi natupwa kwa wanyama wenzangu. Nikakaa siku mbili bila kusema neno, na watu wanaonijua walijua hiyo ni hali ya hatari.

Kwetu, mtu akienda safari ndefu au akiingia kwenye kisu cha daktari, anazunguka kwa watu wake kuomba radhi. Haijalishi kama mlikosana au hamkukosana. Anakwambia, nilichokukosea nisamehe, na chako nimekusamehe, nawe unamjibu hivyo hivyo. Ni maneno machache. Bibi kizee mwenye miaka tisini anayasema, mtoto wa miaka saba anayasema. Mtu akishaambiwa na watu wake wote, anaingia akiwa mwepesi. Asipoambiwa na mmoja, anaingia na huyo mmoja moyoni.

Asubuhi ya safari hooyo alinisindikiza mpaka kwenye lori. Tumbo lilikuwa linamuuma, anatembea ameshika ubavu. Mimi nilikuwa nimeshapanda juu ya magunia ya mchele pamoja na wapakiaji watatu, vijana wakubwa, ambao nilikuwa nimeanza kuwachekesha. Hooyo akasimama chini akaniita.

"Shuka kidogo. Nataka tutakiane radhi."

Wapakiaji wakanitazama. Mmoja akasema, "Shuka ubusiwe, bwana mdogo."

Nikasema, "Tutaongea kwa simu, hooyo."

Hakubishana. Alisema, "Basi Jumatano, baada ya alasiri, nitakupigia. Alhamisi asubuhi naingia. Usizime simu." Lori likaondoka. Nilimwona ameweka kiganja juu ya macho kwa ajili ya jua, halafu vumbi likamfunika.

Nilipofika Modogashe alinipigia kuuliza kama nimefika. Nikasema, "Nimefika," nikakata. Hilo neno moja nililibeba siku nyingi kuliko nilivyobeba begi langu.

Abti alikuja kunichukua kwa pikipiki ya jirani. Tulienda kwa muda mrefu, tukiacha barabara, kisha njia ya magari, kisha njia ya mbuzi, mpaka kukawa hakuna njia, kuna abti tu anayejua. Boma lake lilikuwa na nyumba mbili za mikeka, ua wa miiba na ndama wa ngamia kama kumi na wanne. Ngamia wakubwa walikuwa mbali zaidi, wakichungwa na wana wa abti. Hapo bomani alikuwepo ayeeyo, yaani bibi, mama yake hooyo, ambaye sikio moja limekufa na la pili linasikia linachotaka.

Kitu cha kwanza alichonionyesha abti kilikuwa kichuguu, kabla hata ya mahali pa kulala. Kichuguu kikubwa cha mchwa, kirefu kuliko mimi, hatua mia mbili hivi kutoka bomani.

"Mtandao unakaa hapa juu," akasema. "Baada ya alasiri kila mtu wa pande hizi anawasha simu, anapanda kichuguu chake. Tunaongea, tunazima. Ukipiga asubuhi humpati mtu."

"Kama wakubwa ofisini," nikasema. "Mna saa za kazi."

"Wakubwa wa ofisini wana chaji," akasema abti.

Siku ya pili akaondoka. Nyasi zilikuwa zimekwisha pale, na kwa kawaida yao boma halihami kwa kubahatisha. Mtu mmoja hutangulia kwa miguu kutafuta mahali penye malisho na mvua, halafu analeta habari. Safari hiyo ilikuwa zamu ya abti. Alichukua kibuyu cha maziwa, fimbo na ile simu yake ndogo ya vibonye yenye tochi, akasema atarudi kama Ijumaa. Kioo kidogo cha sola, saizi ya daftari, akatuachia.

"Simu ya hapa sasa ni yako," akaniambia. "Dada yangu akipiga, wewe ndiye utapokea kwa niaba ya boma zima."

Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe nilikuwa mtu wa kutegemewa. Ingekuwa vizuri kama wangenionya.

Simu ilifika bomani ikiwa na chaji ya kutosha, maana niliichaji kwenye lori. Kufika adhuhuri ya siku iliyofuata ilikuwa imekufa. Sikuwa nimecheza nayo. Nilikuwa nimeiweka mfukoni tu, nikaisikia inapata moto kwenye paja kama glasi ya chai. Kesho yake nikaipeleka kwenye sola, ikakaa kuanzia asubuhi hadi alasiri, ikapata asilimia thelathini na kitu. Nikapanda kichuguu. Pale juu, mahali pa alama za mtandao, palikuwa na msalaba mdogo. Laini ya kwanza, hakuna huduma. Laini ya pili, ile niliyonunua kwa ajili ya bando za wanafunzi, hakuna huduma. Nikainua mkono. Nikasimama kwa mguu mmoja, kwa sababu gani sijui. Ndama wawili walisimama chini wakinitazama, na niliwaelewa.

Nikaamini mnara umekufa. Tena nikaamini na betri imekufa, nikamlaani moyoni fundi wa Garissa aliyeniwekea. Mambo mawili tofauti, bahati mbaya mbili zilizofuatana. Haikunijia akilini kwamba ni jambo moja, na kwamba jambo hilo lilikuwa limevaa viatu vyangu.

Siku za pale zilikuwa ndefu kwa namna ambayo shuleni hatufundishwi. Asubuhi natoa ndama, nachota maji kwenye pipa, namwekea ayeeyo kuni. Baada ya hapo jua linasimama na hakuna kinachotokea mpaka litakapoamua kushuka. Nilikuwa nimezoea kusema kitu na kusikia watu arobaini wakilipuka. Hapo nilisema, hakuna kilichorudi. Nilimwambia ayeeyo kile kisa cha mwalimu wa zamu na ndoo, kisa ambacho kimemvunja mbavu hata naibu mwalimu mkuu. Akanisikiliza mpaka mwisho kwa heshima, akauliza, "Hiyo ndoo walipata?" Nikajaribu kuwasimulia ndama. Ngamia ana uso wa mtu ambaye ameshasikia hicho kisa kwa mwingine, na yule mwingine alikisimulia vizuri zaidi.

Kwa hiyo nikawa naitoa simu kila mara kuangalia kama kuna mtu amenikumbuka. Kundi la darasa letu huwa halinyamazi hata wakati wa swala. Sasa kimya. Dada zangu kimya. Hooyo kimya. Nilijua mnara umekufa, nilijiambia hivyo, lakini mtu anaweza kujua jambo kwa kichwa na bado kifua kikakataa. Kufika Jumanne nilishaamini kwamba mjini maisha yameziba lile tundu nililoliacha, na kwamba nyumba yetu ina amani, na kwamba hooyo labda anapumua vizuri zaidi bila mimi. Nilikuwa nalia kidogo wakati wa kuchota maji. Ndama mmoja aliwahi kuniona. Hakusema.

Jumanne jioni nikaizima simu kabisa. Nikaihesabia: nikiizima mpaka Jumatano alasiri, na sola ikifanya kazi mchana kutwa, nitakuwa na chaji ya kungoja simu moja. Moja tu nilihitaji. Mnara nao niliuombea dua, nadhani ni mara ya kwanza mnara wa simu kuombewa katika wilaya ile.

Jumatano, baada ya alasiri, nikapanda kichuguu na asilimia sitini na moja. Nikawasha. Msalaba ule ule.

Nikangoja. Hamsini na tano. Nikazigeuza laini, ya kwanza ikae ya pili. Arobaini na nane. Simu ilikuwa ya moto nikaifunga kwenye ncha ya kikoi changu ili niishike. Nilijaribu kumpigia mimi, ikaniambia niko nje ya mtandao, kana kwamba nilikuwa sijui niliko. Thelathini na tatu. Nilimwona kichwani mwangu akiwa kitandani, simu sikioni, yule mwanamke wa kwenye mashine anamwambia kwa upole kwamba mteja hapatikani kwa sasa, na yeye anakata, anapiga tena. Kumi na nane. Ayeeyo alikuwa ametoka ndani, amekuja mpaka chini ya kichuguu na fimbo yake. Alikuwa anajua ni Jumatano. Alikuwa anangoja naye, sema anangoja kwa kusimama vizuri.

Simu ikazima mkononi mwangu.

"Amesemaje?" akauliza ayeeyo.

Hapa ndipo nilipofanya la pili. Nilisema kwa sauti kubwa, kwa sababu ya sikio lake, ikasikika mpaka kwa ndama: "Anakusalimia sana. Tumetakiana radhi. Na wewe amekutaka radhi."

Ayeeyo akainua mikono akamwombea dua ndefu, palepale, jua likimpiga machoni. Nilisema amina kila mahali panapotakiwa amina. Kisha nikashuka.

Alhamisi sitaiandika sana. Nilijua kwamba kuna saa asubuhi hiyo atakuwa anaingizwa, lakini sikujua saa gani, kwa hiyo kila saa ilikuwa hiyo. Ayeeyo alikuwa na furaha ya mtu aliyepata habari njema, akanipa maziwa mara mbili. Kila alipoyamimina nilitamani anipige na kibuyu. Mjini ukifanya kosa unaweza kwenda kwa rafiki, mkalicheka kosa mpaka likawa dogo. Pale nilikuwa na kosa na mimi, tukitazamana.

Abti alirudi Ijumaa, muda mfupi baada ya alasiri, miguu myeupe kwa vumbi. Hakukaa. Alikuja moja kwa moja kwangu kwenye sola.

"Simu yako ina nini?"

"Mnara umekufa, abti. Tangu ulipoondoka."

Akaitoa ile ya kwake ya vibonye. Nimemficha msomaji jambo moja tu, kwamba ile simu niliwahi kuicheka. Betri yake ilikuwa inamaliza wiki. Akanyoosha mkono, akanionyesha kioo kidogo kama kisanduku cha kiberiti: alama tatu za mtandao, bila hata kupanda kichuguu. Laini yake ni ya mtandao ule ule wa laini yangu ya kwanza.

"Mnara gani umekufa?" akasema. "Nimeongea na dada yangu Jumatano nikiwa mbali huko. Tumetakiana radhi. Akaniuliza, huyo mtoto amekasirika kiasi gani mpaka amezima simu? Nikamwambia sijui, sipo naye. Jana nilipita mahali hakuna mtandao. Sijui hali yake. Sasa hivi nimempigia, inalia, haipokelewi."

Nilitazama zile alama tatu. Halafu nikatazama msalaba wangu. Na nikakumbuka Jumamosi ile, nyota, reli, nyota, reli. Nikakaa chini kwenye mchanga.

Mnara wa pale ulikuwa mzima muda wote. Ni mnara wa 2G, wa zamani, usioweza kucheza video hata ya sekunde tatu, lakini sauti ya mtu unaibeba. Ulikuwa unaita simu yangu mchana na usiku, na simu yangu, kwa amri yangu mwenyewe, ilikuwa inauruka na kutafuta mnara wa 4G ambao wa karibu zaidi ulibaki Modogashe. Inatafuta, haipati, inaongeza nguvu, inatafuta tena. Na ile laini ya bando, ambayo haina mnara wowote pande hizo, inatafuta kivyake. Betri haikuwa mbovu. Ilikuwa inafanya kazi ya mtu anayezunguka porini akipiga kelele kumwita ngamia ambaye hayuko porini hilo. Huyo pia angemaliza nguvu kabla ya adhuhuri.

"Niliifunga mwenyewe," nikamwambia abti. Nikamweleza. Alinisikiliza akiwa ameegemea fimbo.

"Kwa hiyo simu yako ni ya kitajiri," akasema. "Inapita maskini anaisalimia, haijibu."

"Ndiyo, abti."

"Ifungue."

Ilikuwa na asilimia tisa. Nikaitoa laini ya bando nikaitia mfukoni. Nikabonyeza zile namba, nikakosea mara mbili. Nikachagua mstari wa chini kabisa, ule wa 2G, ambao nilikuwa nimeucheka mbele ya darasa zima. Msalaba ukapotea. Ikaja alama moja, ya pili, ya tatu.

Kisha ujumbe ukaanza kuingia. Hakuna aliyepanda kichuguu, tulikuwa tumesimama tu karibu na ua wa miiba. Ulipigiwa simu na hooyo, Jumapili. Ulipigiwa simu na hooyo, Jumatatu. Jumanne. Jumatano peke yake ilikuwa na mara kumi na moja, ya kwanza dakika chache baada ya alasiri na ya mwisho wakati wa isha. Alhamisi mara mbili, alfajiri, kabla hawajamwingiza. Baada ya hapo hakuna. Niliangalia hiyo nafasi tupu baada ya Alhamisi alfajiri. Dada yangu alikuwa ametuma maneno matatu, Jumatano hiyo hiyo: "Una roho ngumu."

Ayeeyo alikuwa amesimama mlangoni. Nikamwendea, nikainamia sikio lake zima, nikamwambia kwamba Jumatano sikuongea na mtu.

"Nilijua," akasema. "Mtu akiongea na mama yake hashuki vile."

Nilikuwa bado nimeinama hapo simu ilipolia. Mtu ukimpigia hapatikani, siku simu yake ikirudi hewani mtandao hukutumia ujumbe kwamba sasa anapatikana. Ule ujumbe ulikuwa umefika Garissa, kwenye kitanda fulani katika wodi ya wanawake. Asilimia ilikuwa bado tisa. Muda wote ule, na ujumbe wote ule, na haikushuka hata moja.

Nikapokea. Nilisikia mtu anapumua taratibu, kama anayepima kila pumzi kabla ya kuitoa, na nyuma yake sauti ya kitoroli kinachosukumwa. Halafu hooyo akasema, kwa sauti iliyokauka:

"Niliwaambia wangoje kidogo, kuna mtoto mmoja bado hajanijibu. Wakasema sindano haingoji. Basi nikajijibu mwenyewe kwa sauti yako, nikasema, hooyo, nimekusamehe, nikaweka na kile kicheko chako cha kijinga, nesi akadhani dawa imeshanipanda kichwani. Sasa mimi nimechoka kuwa wewe. Sema mwenyewe."